Konzo: kinachowapata watoto tunapopunguza siku za kuloweka muhogo



Hapa Kalemie, mtu anaweza kula ndizi na viazi mchana kutwa, lakini kama hakupata bukari atakuambia kwamba leo hakula. Bukari tunaisonga kwa unga wa mahindi tukiupata, kwa unga wa muhogo mara nyingi zaidi, na wengi wetu tunachanganya. Sombe nayo ni majani ya muhogo huohuo. Muhogo umetubeba katika miaka ya vita, umetubeba wakati ziwa lilipopanda na kuingia ndani ya nyumba za watu. Hatuandiki makala haya ili mtu auogope. Tunaandika kwa sababu muhogo mchungu una masharti yake. Bibi zetu waliyajua na kuyashika, na siku hizi tunaona yanalegezwa.

Katika ziara moja kwenye kambi ya watu waliokimbia vijiji vyao, tulimkuta mama akitoa muhogo ndani ya beseni. Ulikuwa umelala majini usiku mmoja tu, na bado ulikuwa mgumu. Tulimwambia, "Mama, huu bado." Akatujibu kwa heshima, bila hasira: "Baba Mchungaji, ninajua. Mama yangu alinifundisha siku tatu. Lakini usiku wa kwanza watoto wanalala na njaa, usiku wa pili vilevile. Usiku wa tatu nani ataninyamazishia hawa?"

Siku ile hatukuwa na jibu. Tulirudi nyumbani tukiwa na deni. Makala haya ni sehemu ya kulilipa: yanaeleza ugonjwa unaoitwa konzo, jinsi unavyotokana na kulegeza masharti ya chakula, madhara yanayobaki kwa mtoto maisha yake yote, na mambo ambayo familia na kanisa wanaweza kufanya.

Konzo ni nini?

Jina lenyewe ni la kwetu Kongo. Limetoka katika lugha ya Wayaka wa Kwango, na maana yake ni miguu iliyofungwa, kama mnyama aliyenaswa. Mwaka 1938, daktari Mwitalia aitwaye Giovanni Trolli aliandika habari za watu wa Kwango walioshikwa na ulemavu huo, na tangu hapo neno hilo la Kiyaka limekuwa jina la ugonjwa duniani kote.

Konzo huja ghafla. Mtoto aliyekuwa akicheza mpira jana anaamka asubuhi na miguu haimtii. Au mama anarudi kutoka shambani na mzigo wa kuni, anapumzika kidogo, na akitaka kusimama anatetemeka na kuanguka. Mara nyingi hakuna homa wala jeraha. Miguu yote miwili inakakamaa kwa namna moja. Anayeweza kutembea anatembea kwa vidole, magoti yakisuguana kama mkasi unaofungwa.

Shirika la Afya Duniani liliweka alama za kuutambua mwaka 1996. Ya kwanza ni mwendo wa miguu iliyokakamaa pande zote mbili, unaoonekana mtu anapotembea au kukimbia. Ya pili ni kwamba ulemavu ulianza katika muda usiofika juma moja kwa mtu aliyekuwa mzima, na baada ya hapo hauendelei kuzidi. Ya tatu huonwa na daktari: akigonga goti au kifundo cha mguu kwa nyundo yake ndogo, mguu unaruka kupita kiasi, na uti wa mgongo hauna ugonjwa.

Wagonjwa hugawanywa katika ngazi tatu. Wa ngazi ya kwanza anatembea bila fimbo. Wa pili anahitaji fimbo moja au mbili. Wa tatu hawezi kutembea kabisa, na wengine wa ngazi hiyo hupata pia shida ya kusema au kuona. Wanaoshikwa zaidi ni watoto waliopita miaka mitatu na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Watoto wachanga wanaonyonya ni nadra kushikwa.

Sumu inatoka wapi?

Mungu aliupa muhogo mchungu ulinzi wake. Ndani ya mzizi na majani kuna kitu kinachoitwa linamarini. Panya au nguruwe pori akiutafuna, linamarini inakutana na kimeng'enya kilichomo ndani ya muhogo wenyewe na kutoa sayanidi, ambayo ni sumu. Ndiyo maana wakulima wengi wanaupenda muhogo mchungu: wanyama hawaumalizi shambani, na wezi hawawezi kuung'oa na kuutafuna papo hapo. Ganda lina sumu kuliko nyama ya ndani. Wakati wa ukame, sumu huongezeka.

Kuloweka ndiko kunakoufanya muhogo huo kuwa chakula. Mizizi iliyomenywa ikikaa ndani ya maji siku tatu au nne, inalainika, inachacha, na kimeng'enya kinapata nafasi ya kuivunja linamarini yote. Sehemu ya sayanidi huenda na maji, na nyingine hupaa hewani wakati wa kukausha. Muhogo uliolowekwa vizuri unavunjika kwa vidole bila nguvu. Ule ambao bado ni mgumu katikati una sumu katikati.

Wengine husema, "Moto utamaliza." Kuchemsha peke yake hakutoshi kwa muhogo mchungu. Moto unakiua kimeng'enya kabla hakijamaliza kazi, na linamarini nyingi inabaki. Kuianika mizizi mizima juani bila kuiloweka nako hakutoshi. Kwa sombe, kazi kubwa hufanywa na kinu: majani yaliyotwangwa vizuri na kuchemshwa muda mrefu bila haraka hupoteza sumu yake.

Mwili nao umepewa njia ya kujiokoa. Sayanidi kidogo ikiingia, mwili unaigeuza kuwa kitu kisicho na ukali mwingi na kuitoa katika mkojo. Kwa kazi hiyo unahitaji salfa, nao unaipata katika protini: samaki, nyama, mayai, maharage. Hapa ndipo tunapoona kwa nini konzo ni ugonjwa wa maskini. Mtu anayekula bukari ya muhogo pamoja na ndakala au mikeke ana silaha ya kujikinga. Mtu anayekula bukari hiyohiyo asubuhi na jioni kwa majuma mengi, na mboga isiyo na samaki wala maharage, anapigana mikono mitupu. Konzo huja pale mambo mawili yanapokutana: sumu nyingi na protini chache.

Mahali walipolegeza

Historia inatuonyesha jambo hilohilo mahali pengi.

Katika Bandundu ya zamani, barabara ya lami kutoka Kinshasa kwenda Kikwit ilijengwa katika miaka ya 1970. Malori yakaanza kufika kununua muhogo mkavu kwa ajili ya mji mkuu. Barabara ni baraka, lakini mnunuzi hangoji. Katika vijiji vingine wamama walianza kupunguza siku za kuloweka kutoka tatu hadi mbili, hata moja, ili wawahi lori. Watafiti wa Kongo na wa Uswidi, miongoni mwao Banea Mayambu, Thorkild Tylleskär na Hans Rosling, walichunguza vijiji hivyo mwishoni mwa miaka ya 1980 na kuonyesha uhusiano kati ya konzo na kufupisha siku za kuloweka.

Msumbiji, katika jimbo la Nampula, mwaka 1981 kulikuwa na ukame mkubwa. Mazao mengine yakafa, ukabaki muhogo mchungu. Watu wenye njaa hawakuweza kungoja. Zaidi ya watu 1,000 walipata ulemavu wa miguu, wengi wao watoto na wanawake. Tanzania nayo iliona mlipuko katika eneo la Tarime mwaka 1985, pia wakati wa ukame.

Karibu nasi zaidi, juu ya ziwa letu, konzo ilionekana Burhinyi katika Kivu Kusini, nchi iliyochoshwa na vita. Madaktari wa huko waliandika habari zake mwaka 2011. Sisi wa Tanganyika tujifunze kwao. Mapigano ya Wabaluba na Watwa, hasa mwaka 2016 na 2017, yaliwatoa mamia ya maelfu ya watu makwao. Nyunzu, Kabalo, Manono, Moba na Kalemie wote tunajua maana ya kulala katika kibanda cha majani na kula kile kilichopatikana leo. Hali zilizoleta konzo mahali pengine, yaani vita, kuhama, chakula cha namna moja na haraka ya njaa, sisi hatuhitaji kuzisoma katika kitabu.

Madhara yanayobaki

Jambo la kwanza kulijua ni kwamba ulemavu wa konzo hauondoki. Sumu inaharibu njia za neva zinazotoka kwenye ubongo kwenda miguuni, na mpaka leo hakuna dawa ya kuzirudisha. Siku chache za mwanzo mgonjwa anaweza kupata nafuu kiasi, halafu hali inatulia pale ilipofika. Lakini kutulia kwake si ahadi. Akirudia chakula kilekile chenye sumu, anaweza kushikwa mara ya pili, na aliyetembea na fimbo moja akaishia kukaa chini. Kwa sababu hiyo, nyumba iliyo na mgonjwa mmoja ndiyo inayopaswa kuwa na uangalifu kuliko zote.

Jambo la pili lilijulikana baadaye, na ndilo linalotusumbua zaidi sisi tunaolea watoto. Mwaka 2013 kundi la watafiti wa Kongo na Marekani, miongoni mwao Michael Boivin na daktari Mkongo Désiré Tshala-Katumbay, walitoa matokeo ya kazi waliyoifanya kwa watoto wa Kahemba, kusini mwa Kwango. Walipima uwezo wa watoto wa kukumbuka, kujifunza na kutumia mikono. Watoto wenye konzo walikuwa nyuma, si katika miguu tu, bali pia katika akili na mikono. Kisha wakawapima watoto wa vijiji hivyohivyo ambao hawakuwa na konzo, waliotembea na kukimbia vizuri. Hao nao walikuwa nyuma ya watoto wa kijiji ambacho hakikuwa na ugonjwa.

Tulisome jambo hilo polepole. Mtoto ambaye miguu yake ni mizima anaweza kuwa ameumizwa kichwani na muhogo ambao haukulowekwa vizuri. Hakuna atakayemwona akichechemea. Ataonekana tu shuleni, mwalimu anapouliza naye hakumbuki, na mwisho wataandika katika kitabu chake kwamba ni mvivu. Hatusemi kwamba kila mtoto anayeshindwa darasani ameshindwa kwa sababu ya muhogo. Tunasema kwamba konzo ni sehemu ya jambo hili inayoonekana kwa macho, na chini yake kuna sehemu isiyoonekana.

Jambo la tatu ni maisha yenyewe. Msichana aliyekakamaa miguu anapata taabu ya kuchota maji, kulima, na mara nyingi kuolewa. Mama aliyeshikwa anashindwa kwenda shamba, na shamba likilala njaa inazidi, na njaa ikizidi siku za kuloweka zinapungua tena. Ugonjwa unajizalia mwenzake ndani ya nyumba ileile.

Somo kutoka ugonjwa mwingine

Kuna ugonjwa wa kuzaliwa nao ambao ni nadra sana kwetu Waafrika, lakini Ulaya unapata takribani mtoto mmoja katika 10,000. Unaitwa fenilketonuria. Tunauleta hapa kwa sababu historia yake inatufundisha kitu juu ya kulegeza.

Mtoto mwenye ugonjwa huo hawezi kuvunja kitu kimoja kilichomo ndani ya protini, kiitwacho fenilalanini. Kinajaa katika damu na kuuharibu ubongo. Daktari Asbjørn Følling wa Norwei aliugundua mwaka 1934, baada ya mama mmoja kukataa kuchoka na kuendelea kuuliza kwa nini watoto wake wawili hawaendelei kama wengine. Mwaka 1953, mjini Birmingham katika Uingereza, Horst Bickel na wenzake walitangaza kwamba wamempa msichana wa miaka miwili chakula kisicho na fenilalanini nyingi. Mtoto huyo hakuweza kusimama, na alikuwa akigonga kichwa chake. Kwa chakula kile akaanza kutambaa, kisha kusimama. Ili kuhakikisha, madaktari waliirudisha fenilalanini ndani ya chakula chake bila kumwambia mama. Katika siku chache mtoto alipoteza karibu yote aliyoyapata.

Miaka ya 1960, Robert Guthrie wa Marekani alileta kipimo cha tone la damu, na watoto wengi wakaanza kutambuliwa wangali wachanga. Walikua vizuri kwa chakula chao cha masharti. Ndipo madaktari wengi walipofikiri kwamba mtoto akifika miaka mitano, sita au minane ubongo umekwisha kukomaa, basi masharti yalegezwe. Wazazi walifurahi, maana chakula kile kilikuwa kigumu na si kitamu. Mwanzoni hakuna kilichoonekana. Baada ya miaka, wengi walianza kushuka katika masomo, kukosa utulivu wa mawazo, kupata huzuni na wasiwasi, wengine hata kutetemeka. Na wasichana walioachishwa chakula chao walipokuwa mama, wengi wao walizaa watoto wenye vichwa vidogo na akili iliyoumia, ingawa watoto wenyewe hawakuwa na ugonjwa huo. Leo madaktari wanashauri masharti yashikwe maisha yote.

Msichanganye magonjwa haya mawili. Watoto wale wa Ulaya wanaumizwa na protini, nasi watoto wetu wanalindwa na protini. Asitokee mtu wa kumnyima mtoto samaki kwa sababu ya makala haya! Kinachofanana ni hiki: mahali pote pawili ulinzi wa ubongo ulikuwa jikoni, na uliachwa kwa sababu mtoto alionekana mzima. Lakini alikuwa mzima kwa sababu ya ulinzi uleule uliokuwa ukiachwa, na hasara ilikuja kuonekana baada ya muda mrefu, wakati hairudishiki tena.

Kwa nini wamama wanalegeza

Sisi wachungaji tuna haraka ya kukemea. Kabla ya kumkemea mama, tusikilize sababu zake.

Anaogopa wezi: muhogo ulioachwa mtoni siku tatu unaweza usikutwe. Maji yako mbali, na beseni alilo nalo ni moja, la kuogea, kufulia na kulowekea. Mnunuzi yuko njiani. Wakati wa masika hakuna jua la kukausha, na wakati wa kiangazi mito inapungua. Uvuvi ukifungwa ili samaki wazaliane, ndakala inapanda bei. Na juu ya yote ni njaa ya leo. Mama yule wa kambini hakukosa mafundisho. Alikosa chakula cha usiku tatu.

Tunamkumbuka nabii Elisha katika 2 Wafalme sura ya 4. Kulikuwa na njaa katika nchi, na mmoja wa wanafunzi wake akaenda porini, akachuma asichokijua na kukikatia ndani ya sufuria. Walipoonja wakalia kwamba mna mauti ndani yake. Hatusomi kwamba Elisha alimtukana yule aliyechuma. Aliagiza unga uletwe, akautia sufuriani, na watu wakala.

Mambo ya kushika nyumbani

Menya kwanza, kisha loweka siku tatu kamili, nne kama maji ni ya baridi au mzizi bado ni mgumu. Usihesabu kwa siku tu, jaribu kwa vidole. Kausha vizuri kabla ya kutwanga.

Loweka kwa zamu. Badala ya kuloweka mzigo mzima mara moja kwa juma, loweka kidogo kila siku katika vyombo vitatu. Siku tatu za kwanza ndizo ngumu. Kuanzia siku ya nne, kila siku kuna chombo kilicho tayari.

Kwa unga usioujua, tumia njia ya kulowanisha. Njia hii ilibuniwa na Howard Bradbury na wenzake wa Australia, na wataalamu wa mpango wa lishe wa taifa letu, wakiwa na Banea, waliifundisha kwa wamama wa kijiji cha Kay Kalenga, eneo la Popokabaka, kuanzia mwaka 2010. Katika muda wa kazi ile hakuna mtu mpya aliyeshikwa na konzo kijijini. Inafanyika hivi: weka unga ndani ya bakuli, weka alama mahali unga ulipofika. Tia maji huku ukikoroga. Unga utashuka kwanza, nawe endelea kutia mpaka urudi kwenye alama. Utandaze juu ya mkeka safi, unene usiozidi upana wa kidole. Uache juani saa mbili, au kivulini saa tano. Sayanidi inapaa hewani, na sumu hupungua mara tatu hadi sita. Kisha songa bukari siku hiyohiyo, maana unga uliolowana haukai. Njia hii haichukui nafasi ya kuloweka. Ni mlango wa pili baada ya ule wa kwanza.

Changanya. Unga wa mahindi ndani ya ule wa muhogo hupunguza sumu. Maharage, karanga, ndakala hata kidogo, humpa mtoto silaha. Samaki wa baba asiwe mkubwa kuliko wa mtoto.

Angalia dalili za mapema. Kizunguzungu, kichwa kuuma au kutapika saa chache baada ya kula bukari ya muhogo ni onyo. Usiupike tena unga huo kabla ya kuulowanisha.

Mtoto akishikwa

Mtoto yeyote anayepoteza nguvu ya miguu ghafla apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo. Inaweza kuwa konzo, inaweza kuwa polio, inaweza kuwa ugonjwa wa uti wa mgongo, na si kazi ya mchungaji kuamua. Kwa kawaida polio hulegeza mguu na kuufanya mwembamba, mara nyingi upande mmoja, na huja na homa. Konzo hukakamaza yote miwili. Kifua kikuu cha mgongo huja polepole, pamoja na maumivu au nundu mgongoni. Daktari atatofautisha.

Ikithibitishwa kuwa ni konzo, mgonjwa anahitaji mazoezi ya viungo kila siku ili misuli isizidi kufupika, fimbo au vyuma vya kumsaidia, na wengine hupata nafuu kwa upasuaji wa kano za kisigino. Familia nzima ibadilishe chakula siku hiyohiyo.

Na kuna jambo moja linalotuhusu sisi wa kanisa moja kwa moja. Kwa sababu konzo huja usiku mmoja, watu hutafuta aliyeroga. Mara bibi wa jirani anatajwa, mara mtoto yatima, mara mke mwenza. Mtumishi wa Mungu asiongeze kuni katika moto huo. Anayetaja mchawi mahali ambapo kuna unga usiolowekwa amemwumiza asiye na hatia, na amewaacha watoto waliobaki waendelee kula sumu ileile.

Kanisa lifanye nini?

Tulirudi kwa mama yule baadaye. Hatukwenda na hotuba. Tulikwenda na unga wa mahindi, maharage na ndakala vya kutosha siku tatu, na mabeseni mawili. Tangu hapo tumekuwa tukiwaomba mashemasi wa parokia zetu kufanya jambo hilohilo kwa kila familia inayofika kutoka vijijini: kikapu cha siku tatu. Si msaada wa mwaka mzima, ambao hatuuwezi. Ni chakula cha kungojea muhogo ulainike. Baada ya hapo zamu ya vyombo vitatu inajiendesha yenyewe.

Parokia iliyo na kiwanja na kisima inaweza pia kuweka mapipa ya kulowekea ndani ya ua, pamoja na mlinzi, ili hofu ya wezi iishe. Umoja wa wamama unaweza kuonyesha njia ya kulowanisha unga baada ya ibada, kwa bakuli na mkeka, wakati jua lingali kali. Bibi wazee waombwe wawe walimu, maana elimu hii ilikuwa yao kabla ya kuwa ya maprofesa. Walimu wa shule zetu wajue kwamba mtoto asiyekumbuka anaweza kuwa mtoto anayekula vibaya, si mtoto mvivu. Na mtoto mwenye fimbo asiachwe nyumbani kwa sababu shule iko mbali. Vijana wa kwaya wana miguu mizima na baiskeli.

Mama yule alipopokea mabeseni aliyageuza akayatazama, akatuuliza kama yanavuja. Hayakuvuja. Akamwita binti yake mkubwa, akaanza kumwonyesha: hili la leo, lile la kesho, na la kwetu la zamani ni la keshokutwa. Binti alihesabu kwa vidole. Tuwaombee, na tuwapelekee vikapu.